Raketi Mbili za Duka la Yaqoub

Isevya, Tabora
3 Februari 2024

Mzee Rasiklal,

Shikamoo. Ni mimi Haifa, binti Soud, uliyemfundisha kushika raketi katika ukumbi wa jumuiya yenu tangu akiwa darasa la sita. Natumaini hujambo, na mwanao Kalpesh na mkewe Kruti hawajambo pia. Anwani nimepewa na Yaqoub, ambaye sasa anauza vifaa vya michezo katika duka lililokuwa lako. Aliniambia masikio yako yameziba kabisa na simu huitaki hata kuiona, kwamba atakayekupata ni mwenye kalamu. Basi nimeshika kalamu.

Siku hizi mimi ni karani wa halmashauri ya Uyui, kwa hiyo kila asubuhi naondoka mjini kwenda Isikizya na jioni narudi. Raketi yangu, ile niliyoinunua kwako kwa mshahara wangu wa kwanza, ilivunjika Desemba. Mwezi wa sita kuna mashindano ya badminton ya watumishi, na mimi na Shifaa, mwenzangu wa siku zote, tunacheza wawili wawili. Nimetenga shilingi elfu themanini. Najua si nyingi. Raketi za chuma zinazouzwa mbili mbili sokoni sizitaki, maana uliwahi kusema zile ni za kupepea mkaa.

Kwa Yaqoub kuna mbili ninazozitazama. Moja nyeusi, imetumika kidogo, kichwa kizito, elfu sabini na tano. Nyingine mpya, ya kijani, nyepesi sana, elfu arobaini na nane. Wewe ungechukua ipi?

Nimekuletea asali kilo mbili kwa basi pamoja na barua hii. Ni ya Sikonge, haijachanganywa na sukari.

Mwanafunzi wako,
Haifa Soud


Upanga, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Binti yangu Haifa,

Marahaba. Asali imefika, Kruti ameificha kwa ajili ya sukari yangu, na mimi nimeshajua alipoificha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa furaha. Miaka mitano niko hapa na hakuna aliyeniuliza swali ninalojua jibu lake. Wananiuliza kama nimekula dawa.

Sasa, kabla ya kusema nyeusi au kijani, nijibu. Juu kidogo ya mpini pameandikwa nini? Patakuwa na namba na herufi: 3U, 4U, 5U. Namba ikiwa kubwa, raketi ni nyepesi. Halafu iweke shingo yake juu ya kidole kimoja uone inaangukia wapi. Ikiangukia kichwani, ni raketi ya mtu wa kupiga smashi, wa kukishusha kinyoya kwa nguvu. Ikiangukia mpinini, ni ya mtu wa kuzuia na kurudisha haraka. Wewe nilikulea kwenye smashi. Mkono wako wa kulia ulipasua vinyoya vyangu vingi mpaka nikaacha kukupa vya manyoya, nikakupa vya nailoni. Ukiwa bado ni huyo huyo, jibu unalijua.

Lakini kuna jambo. Mwandiko huu si wako. Miaka minne uliandika daftari la mahudhurio ya ukumbi, na herufi zako zilikuwa zimesimama kama askari. Hizi zinalala, nyingine zimeanguka. Kalpesh anasema siku hizi kuna matapeli wa kila namna. Nimemjibu, tapeli gani anatuma asali ya kweli? Hata hivyo nitakuuliza: mwaka ule panya walipotafuna neti, tulifunga nini mahali pake?

Mimi,
Rasiklal


Isevya, Tabora
19 Februari 2024

Mzee wangu Rasiklal,

Shikamoo. Tulifunga khanga mbili za mama yangu, Saleha, na moja ikachanika katikati, na mpaka leo hajaisahau. Nimemwambia umeuliza, akasema, "Huyo Mhindi hajanitafutia nyingine bado?" Anakusalimu sana.

Mwandiko usikushangaze. Kazi zetu sasa ni za kompyuta, kalamu naishika mara chache, na barua ile niliiandika haraka haraka.

Nimekwenda kwa Yaqoub kupima kama ulivyoagiza. Nyeusi ni 3U na kichwa kinaanguka palepale. Ya kijani ni 5U, yenyewe hukaa karibu sawa, ikielemea mpinini kidogo. Yaqoub alinitazama nikiziweka kidoleni, akacheka, akasema nimemkumbusha enzi zako.

Ndiyo, mimi ni yule yule. Smashi ni zile zile.

Nina swali jingine, si langu. Ofisini kuna mwenzangu anaitwa Advera, naye anataka kujifunza mchezo huu, ila anatumia mkono wa kushoto. Anauliza kama kuna raketi za mashoto. Na je, mtu mzima anayeanza anaweza kufika popote, au anajisumbua? Hana haraka ya jibu. Ukipata nafasi tu.

Haifa


Upanga, Dar es Salaam
4 Machi 2024

Binti yangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikwenda Kariakoo kukutafutia bei. Usinunue kwa macho ya Tabora peke yake. Nimepita maduka manne. Raketi kama ile nyeusi, mpya, hapa ni laki na thelathini na zaidi, kwa hiyo Yaqoub hajakuonea. Ya kijani nimeiona kwa elfu arobaini na tano. Ukihesabu na nauli ya mzigo, ya Yaqoub ni nafuu. Matembezi yalikuwa mazuri, mji umebadilika.

Kama wewe ni yule yule, chukua nyeusi na shauri limekwisha.

Sasa huyo Advera. Mwambie raketi haina kulia wala kushoto. Kinachobadilika ni kitambaa cha mpini: kwa mashoto kizungushwe kinyume, ama sivyo kitafunuka kila anapokaza vidole. Achukue nyepesi. Nyuzi asizikaze, ratili kumi na nane zinamtosha, kwa sababu nyuzi zilizolegea kidogo humsaidia mwenye mkono usio na nguvu kukirusha kinyoya mbali.

Na mwambie hivi, uyaandike kama nilivyoyasema. Mwezi wa kwanza asicheze na mtu. Afungue milango kwa mkono huo. Achambue mchele kwa mkono huo. Asimame mbele ya ukuta, arushe jiwe dogo mara mia. Kisha asiulinganishe na wa kulia hata siku moja. Wa kulia umesoma miaka thelathini, huu wa kushoto umeandikishwa shule juzi. Utakosea, utakuaibisha mbele za watu, nawe usiupige, kama usivyompiga mtoto anayejifunza kuandika herufi.

Kama anafika popote? Sijui. Nimewaona waliofika, nimewaona walioacha. Hakuna aliyejua atakuwa yupi kabla ya mwezi wa tatu.

Mpe salamu zangu. Mwambie swali lake halinichoshi.

Rasiklal


Upanga, Dar es Salaam
9 Machi 2024

Dada Haifa,

Salaam. Mimi ni Kruti, mkwe wa Mzee Rasiklal. Hatujawahi kuonana, lakini jina lako hapa nyumbani linatajwa kila siku, na asali yako tunaifurahia.

Naandika bila yeye kujua. Sidhani alikueleza kilichompata Kariakoo. Alitoka peke yake asubuhi, akatuaga kwamba anakwenda hekaluni. Alipovuka barabara nyuma yake kulikuwa na guta lililobeba mabati, dereva akapiga kengele na kupiga kelele, naye hasikii. Lilimgonga ubavuni. Kijana mmoja wa dukani, Masele, alisoma jina lake na namba ya Kalpesh kwenye karatasi tunayomwekea mfukoni, akamleta nyumbani. Ubavu mmoja umepata ufa. Barua aliyokuandikia tarehe nne aliiandika kitandani, mimi nikimshikia ubao.

Ana miaka sabini na nane. Akikusaidia wewe anafurahi, naiona furaha hiyo, na ndiyo inayonitia hofu. Anasema akipata nafuu atakwenda tena kuulizia nyuzi. Nakuomba sana, dada yangu, usimwandikie tena habari za raketi. Ukiweza, usimwandikie kwa muda.

Usinifikirie vibaya.

Kruti


Upanga, Dar es Salaam
22 Aprili 2024

Binti yangu Haifa,

Eid imepita na sikupata hata neno. Nilidhani basi limepoteza barua. Halafu jana Kruti akaja kukaa karibu yangu, akaandika kwenye kile kibao changu cha kuongelea: "Ni mimi niliyemkataza." Akaniandikia yote.

Nilikasirika. Chakula cha mchana sikula. Jioni nikamwona jikoni anafuta macho kwa kiwiko, mikono ina unga, nikaona haya. Yeye ndiye anayeniosha mgongo tangu niumie. Kalpesh hakuweza, alikuwa akigeuza uso. Nimemwomba radhi, naye amekubali nikuandikie kwa sharti kwamba Kariakoo sitakwenda tena peke yangu. Nimekubali. Nimezeeka, binti yangu, na sisikii guta.

Kwa nini sikukuambia? Ninyi wote mlio huko mnanikumbuka nikiwa nyuma ya kaunta, ninajua bei ya kila kitu na mahali kilipo. Hapa hakuna anayemjua mtu yule. Wewe uliponiandikia ulimwandikia yeye, nami sikutaka umkute kitandani amefungwa bandeji. Basi.

Hiyo ndiyo siri yangu, nimeitoa. Sasa nakuuliza wewe, na safari hii si kukujaribu kama tapeli. Advera hajambo?

Rasiklal


Isevya, Tabora
30 Aprili 2024

Mzee Rasiklal,

Shikamoo, na pole kwa ubavu. Na samahani. Ukimya wangu ulikuwa ahadi kwa Dada Kruti, na alikuwa na haki ya kuniomba. Niliposoma kuwa uliandika barua ile umelala, niliiweka chini nikashindwa kufuturu.

Advera yupo kweli ofisini, lakini anatumia mkono wa kulia na hajawahi kugusa raketi. Nadhani ulilijua hilo. Yale uliyomwandikia hayafai kwa mtu aliyezaliwa mashoto. Nani atamfundisha mashoto kufungua mlango kwa kushoto?

Tarehe kumi na nane Desemba nilikuwa narudi kutoka Isikizya kwa bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha, mbuzi wakaingia barabarani, dereva akawakwepa. Yeye alichubuka magoti. Mimi niliangukia bega la kulia, na raketi ilikuwa mgongoni. Mfupa umeunga, ila mshipa wa fahamu umeumia. Mkono haupandi zaidi ya kifua, na vidole viwili ni kama vya mtu mwingine. Daktari anasema labda mwaka, labda miwili, labda hautarudi kamili. Kila ninalokuandikia naliandika kwa kushoto.

Sikukuambia kwa sababu nimechoka na macho ya watu. Nikipita Isevya wananipisha njia kama nimebeba jeneza. Mkuu wangu wa kazi haniombi faili tena, anamwomba Samweli wa meza ya pili, kwa huruma. Mama anafunga kamba za viatu vyangu kabla sijainama. Nilitaka pawe na mtu mmoja, hata kama yuko Dar es Salaam, ambaye kwake mimi bado napiga smashi.

Siku niliyopima raketi kwa Yaqoub, nyeusi niliishika kwa mkono wa kulia. Akaniambia, "Ipige hewani basi, kujaribu ni bure." Nikajaribu kuinyanyua. Ilifika hapa kifuani ikasimama. Yaqoub akajifanya anatafuta chenji. Nikairudisha na kusema nitapita kesho, sikupita.

Na Shifaa. Yeye anafundisha shule ya msingi Kwihara, na ndiko tunakochezea, uwanja wa vumbi nje kidogo ya njia ile ya zamani ya misafara, kamba imefungwa kwenye miti miwili. Nilimwambia aandikishe jina la Benedikta badala yangu. Benedikta ni mzuri, ana miaka ishirini na nne na mikono miwili. Shifaa akanijibu, "Nimeshaandika la kwako. Ukitaka njoo na raketi, ukitaka njoo na mwiko." Kubadilisha jina mwisho ni tarehe kumi na tano Mei.

Tangu Machi nafanya uliyomwandikia Advera. Mawe mia kila alfajiri, hata Ramadhani. Nusu yanagonga ukuta.

Elfu themanini bado ninazo. Nyeusi ni ya mkono wangu, niiweke ukutani nikiusubiri mkono upone. Kijani ni ya mkono huu mwingine. Yaqoub ameniwekea zote mbili, lakini anauliza nachukua ipi. Kila nikitaka kuchukua ya kijani naona kama natia sahihi kwamba mkono wangu hautarudi. Niambie ipi, Mzee. Safari hii nakuuliza mimi mwenyewe, kama nilivyo.

Haifa


Upanga, Dar es Salaam
8 Mei 2024

Haifa,

Kijani.

Nilijua tangu barua ya pili. Uliandika "mimi ni yule yule," na aliye yule yule haandiki hivyo.

Raketi si kiapo, binti yangu. Ni kifaa cha kuchezea mchezo wa mwezi fulani. Mkono wa kulia ukirudi, utarudi hata kama umenunua kijani. Na usiporudi, nyeusi iliyoning'inia ukutani haitauita. Nimeuza raketi miaka arobaini. Waliojuta zaidi si walionunua ya bei ndogo. Ni walionunua ya mtu waliyekuwa zamani, au ya mtu waliyetamani kuwa, wakaja kuzirudisha zikiwa na vumbi.

Elfu thelathini na mbili zitakazobaki: kitambaa cha mpini, umwambie Yaqoub akizungushe kinyume, na vinyoya vya nailoni kopo moja. Pale Kwihara kuna upepo, vya manyoya vitakupotea. Kinachobaki mpe mama yako. Anunue khanga.

Usimpe Benedikta nafasi yako kwa sababu ya kuona haya. Ukimpa kwa sababu hutaki kucheza, ni sawa. Lakini kwa haya, hapana.

Rasiklal


Isevya, Tabora
23 Juni 2024

Dada Kruti,

Barua hii anakuletea Kalpesh, na utamwona anashuka peke yake. Usiogope. Baba mkwe wako ni mzima, sababu nitakueleza.

Kwanza ahsante kwa kumruhusu. Najua ulisema hapana mara ngapi. Yeye na Kalpesh walifika kwa treni Ijumaa asubuhi, na Mzee alipokanyaga stesheni ya Tabora alisimama pale na fimbo yake, akivuta pumzi, mpaka abiria wakampita wote. Amefikia kwa jamaa zenu mjini. Mama yangu anampikia choroko katika sufuria mpya ambayo haijawahi kuona nyama, na wanagombana kwa kuandikiana kwenye kibao.

Jana ndiyo yalikuwa mashindano. Tulipangiwa akina mama wawili wa idara ya fedha, wenye miguu ya haraka na roho ngumu. Waliona mara moja udhaifu uko wapi. Kila kinyoya kilinijia mimi. Shifaa akaninong'oneza, "Nisogee nikufunike?" Nikamwambia kaa kwako. Seti ya kwanza tulifungwa ishirini na moja kwa nane. Nilipiga wavu, nilipiga hewa, kimoja nilimpiga nacho mwamuzi. Ya pili sijui kilichotokea. Mkono ulikuwa kama umesikia jina lake likiitwa. Nilianza kuweka vinyoya nyuma yao, taratibu, kwenye kona, pale ambapo zamani nisingeweka kwa sababu ningepiga kwa nguvu tu. Tukafika kumi na tisa kwa kumi na tisa. Tukafungwa.

Halafu mgeni rasmi akashika kipaza sauti. Akasimulia ajali yangu yote, mbuzi na mvua, akaomba watu wote wasimame wanipigie makofi kwa ushujaa. Wakasimama. Wengine wakafuta machozi. Mimi nilisimama katikati ya uwanja nikitazama viatu vyangu, nikitamani ardhi inimeze, na Shifaa amenishika kiuno.

Baba mkwe wako hakusikia hata neno moja la hayo. Aliona tu watu wamesimama, akadhani mchezo umekwisha wanaondoka. Basi akaja. Alikatiza uwanja na fimbo yake, makofi yakiendelea, akafika mbele yangu, na kwa sauti ile ya mtu asiyejisikia mwenyewe, akapaza:

"Mguu! Mguu wa kushoto unauchelewesha! Pointi sita umezitupa kwa mguu, si kwa mkono! Nani amekufundisha kusimama hivyo?"

Makofi yakakatika. Mgeni rasmi ameganda na kipaza sauti chake.

Dada Kruti, tangu Desemba hakuna mtu aliyenigombeza. Hakuna hata mmoja. Nilicheka mpaka nikaketi chini, nikalia hapo hapo, Shifaa naye akaanza kucheka, na Mzee amesimama juu yetu amekunja uso, anauliza tunachekea nini ilhali tumefungwa.

Kwa hiyo hawezi kurudi leo. Amemwandikia Kalpesh kwamba mguu kama huu haunyooki kwa siku mbili, apewe mwezi. Nakuahidi barabara hatavuka peke yake. Kesho jioni tunakwenda naye Kwihara, na ameshamwomba mama jivu la kunichorea chini mahali pa kukanyaga.

Wako,
Haifa